Abiria Sitini, na Wengine ni Chumvi

Mpendwa Mama Fatouma, naomba msaada wako, na naomba pia usinicheke kabla hujafika mwisho wa barua, kwa sababu ulimi wako naujua, sisi wafanyakazi huwa tunasoma ukurasa wako kila Alhamisi tukinywa chai na shida za wenzetu zimetuchekesha sana, basi leo zamu ni yangu na wala sioni cha kuchekesha.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, mkaaji wa Mangobo hapa Kisangani, na kazi yangu ni ukatibu katika kampuni ya tonton wangu, mdogo wa marehemu baba, ambaye nitamwita Papa Nephtali kwa sababu majina yote humu nimeyabadilisha ili heshima ya familia isiguswe. Tonton ana boti moja kubwa ya mbao yenye injini, inashuka mto mpaka Isangi kisha inapanda mto Lomami mpaka Opala, inabeba chumvi, sabuni, nguo na watu, na ikirudi inabeba mpunga, makaa na watu wengine. Ndiye aliyenisomesha tangu baba afariki nikiwa darasa la nne, ndiye anayemsomesha mdogo wangu chuoni mpaka leo, na wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, kwa hiyo nataka uelewe kwamba simsemi kwa ubaya.

Sasa Mama, kibali cha boti kinasema abiria sitini, na kimebandikwa mlangoni kwa kapteni, kila mtu anakiona. Lakini sisi tuna desturi kwamba mtu anayesafiri na mzigo ili auangalie si abiria, ni msindikizaji, convoyeur, na msindikizaji hahesabiwi kati ya wale sitini kwa kuwa yeye ni kama sehemu ya mzigo, na desturi hiyo sikuianzisha mimi, nimeikuta. Basi sitini wakitimia, kila anayebaki tunamtafutia mzigo wa kusindikiza kwenye karatasi, huyu gunia la chumvi, yule katoni ya sabuni, hata kama mzigo si wake na hajawahi kuuona, na tonton alinieleza siku ya kwanza kwa upole kabisa: "Mutoto yangu, mutu akishika muzigo, iko convoyeur. Akiachilia, iko passager. Donc tunamupatia muzigo, tunamusaidia." Safari ya mwezi uliopita tulikuwa na abiria sitini kamili na wasindikizaji tisini na wanne, magunia yakaisha, ikabidi jogoo mmoja asindikizwe na familia ya watu watano.

Zamani orodha ilisainiwa na kapteni Basile na mimi niliandika tu, nikalala usingizi wangu vizuri. Lakini miezi mitatu iliyopita tonton alitaka kazi ya kubeba vifaa vya shirika moja la misaada, na shirika hilo lilitaka kila kampuni ionyeshe kwamba ina maadili, basi tonton akasema kama kinachotakiwa ni maadili, tutayaleta. Akamwita mkufunzi kutoka Kinshasa, bwana Landry, mwenye suti ya rangi ya maziwa, tukakaa ukumbini siku tatu na mada ilikuwa kuelewa na kutatua mitanziko ya kimaadili katika kampuni, kulikuwa na hatua sita zilizoandikwa ubaoni kwa rangi sita, kulikuwa na brochette za nyama na juisi, na siku ya mwisho ikachaguliwa Kamati ya Maadili na mimi nikafanywa katibu wake kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Nilipewa beji na fulana nyeupe iliyoandikwa MAADILI NI MIMI. Nakiri Mama kwamba nilifurahi, nilivaa ile fulana hadi kanisani.

Jumatatu iliyofuata tonton aliniletea orodha mezani na kusema kuanzia sasa nitasaini mimi wala si Basile, nikauliza kwa nini, akasema: "Sasa uko éthique. Signature yako iko na poids." Na ni kweli ina uzito, kwa sababu tangu nianze kusaini chini ya muhuri wa Kamati ya Maadili hakuna mkaguzi anayekuja tena kuhesabu vichwa, wanaona muhuri wanapungia mkono, na wasindikizaji waliokuwa arobaini au hamsini ndipo wakafika tisini na wanne. Yaani Mama, tangu tupate maadili, watu wameongezeka botini.

Sasa nafika mahali panaponiuma. Safari hiyohiyo ya mwezi uliopita, dada yangu Benie alinipigia simu akitaka kwenda Opala kwa mkwe wake na wale pacha wake wa miaka miwili, sitini walikuwa wametimia tangu Jumatano, tonton akasema hakuna shida mpe gunia, na mimi nikashika kalamu niandike Benie, msindikizaji wa gunia la chumvi namba kumi na nne, na mkono ukakataa. Nikamwambia Benie asipande, avuke mto mpaka Lubunga achukue pikipiki hata kama ni siku mbili za matope, na yeye akaniuliza: "Kama boti iko mubaya, juu ya nini unaandika wengine?" Nikamwambia mtandao ni mbaya simsikii, nikakata. Gunia namba kumi na nne nikampa mama mmoja wa Kabondo aliyekuwa amesimama mlangoni, mama mtu mzima, muuza vitenge, jina lake Chimène, akanishukuru sana, akaniombea nipate mume mwema.

Boti ilipofika pale Lomami inapoingia mtoni, mchana kweupe, ilikutana na mawimbi ya meli nyingine ikainama upande, na waliokaa juu ya magunia wakateleza, watatu wakaanguka majini na mmoja wao alikuwa Mama Chimène. Mungu ni mkubwa, wavuvi walikuwa karibu na mitumbwi yao wakawatoa wote watatu wakiwa hai. Tonton akaniamuru niandike ripoti na nikaiandika kama alivyosema, kwamba abiria wote sitini wamefika salama, wasindikizaji watatu wamelowa, na gunia moja la chumvi limepotea, kampuni inasikitika.

Wiki iliyopita Mama Chimène alikuja ofisini. Hakuja kugombana wala hakudai vitenge vyake vilivyozama, alitaka karatasi moja tu inayosema alikuwa abiria katika boti yetu siku ile, kwa sababu kadi yake ya uchaguzi ilizama na mkoba, na bila ushahidi wa safari wanamsumbua kumpa nyingine, na bila kadi yeye hapa mjini ni mtu wa kusimamishwa kila kona. Nilifungua orodha nikamwonyesha kwa adabu kwamba hakuwa abiria, alikuwa msindikizaji wa gunia la chumvi. Akaweka kidole juu ya jina lake, akasema: "Nilipanda mutu, nikaanguka mutu. Alors, sasa unaniambia niko chumvi?" Akaondoka. Tangu siku hiyo sili vizuri, hata pondu ya mama, kisamvu ninachokipenda kuliko vyote, naiacha sahanini.

Mama Fatouma, nimejaribu hatua sita za bwana Landry. Hatua ya pili inasema andika wote watakaoguswa na uamuzi wako, nikaandika tonton, mimi, mdogo wangu wa chuoni, wafanyakazi thelathini ambao watakosa kazi boti ikizuiwa, na tonton tena kwa sababu ana presha. Kisha nilipeleka jambo mbele ya Kamati ya Maadili, ambayo ni tonton mwenyekiti, mke wake tantine Berthe, kapteni Basile na mimi, tukapiga kura kama desturi ya wasindikizaji iendelee, watatu wakakubali, na mimi nilijizuia kupiga kura kwa sababu za kimaadili. Jumamosi ya wiki ijayo boti inaondoka tena kwenda Opala, ni msimu wa safari, tayari wameandikishwa watu mia moja na kumi na orodha iko mezani kwangu inasubiri sahihi yangu. Nikisaini, nasaini uongo juu ya vichwa vya watu. Nikikataa, namwangusha mtu aliyenilea. Huu ndio mtanziko wangu, niambie nifanye nini.

Ni mimi, Katibu wa Maadili, Mangobo.

MAMA FATOUMA ANAJIBU

Mwanangu Katibu wa Maadili,

Pole, na pongezi pia, maana wanaume wakorofi, mawifi na wachungaji wenye tamaa wote wamekwisha kuniandikia, lakini hii ni mara ya kwanza kupata barua kutoka kwa maadili yenyewe. Majina umeyabadilisha vizuri sana. Hata mimi ningepotea, isipokuwa barua umeiandika kwenye karatasi ya kampuni, yenye jina la boti, picha ya boti na muhuri wa tonton upande wa kulia. Kipande cha juu nimekikata nikakitia motoni chini ya sufuria ya maharage. Boti lakini nimeijua, na wewe ukishika siri za watu namna hiyo, basi hiyo kamati yenu ina bahati.

Uliniomba nisicheke. Nilijitahidi kweli. Nilivumilia fulana, nikavumilia jogoo na watumishi wake watano. Ila nilipofika pale ulipojizuia kupiga kura kwa sababu za kimaadili, chai ilinitokea puani, nisamehe. Kamati ya watu wanne inauliza kama tuendelee kuwafanya watu mizigo, na katibu wake, mwenye beji, anatazama dari.

Haya, tuje kwenye huo mtanziko wako. Mimi sikukaa ukumbini siku tatu na sikula brochette ya mtu, lakini nimefanya biashara ya mpunga kati ya Ubundu na Kisangani miaka kumi na tisa, na kukwama najua maana yake. Mtu amekwama kweli pale mambo mema mawili yanapogombana na hawezi kuyashika yote. Siku boti itakapokuwa na abiria sitini halali, mstari umefungwa, halafu atokee mama mwenye uchungu wa mimba anayehitaji kufika kwa daktari, na ili apande lazima mmoja ashuke, na yule wa kushuka anakwenda kumzika baba yake, siku hiyo niandikie usiku na mchana, nitakaa na wewe tukune vichwa pamoja. Hili la sasa si hilo. Upande mmoja una watu mia moja na kumi, upande wa pili una hasira ya tonton. Hiyo ni hofu, mwanangu, na hofu ni kitu cha kawaida, kila mtu anayo, ila usiivalishe jina la semina.

Tena jibu unalo. Unalo tangu siku ile Benie alipopiga simu. Mkono wako ulikataa, umeandika mwenyewe, na mkono huo haukuhitaji hatua sita wala rangi sita. Ulijua boti ni ya hatari, ulijua tangu lini, ulijua kwa nini. Ukamwondoa dada yako na pacha wake, vizuri sana, kisha ukageuka, ukamwona mama wa watu mlangoni, ukampa lilelile gunia. Naye akakuombea mume mwema. Hapo sikucheka. Hapo niliweka barua mezani nikatoka nje kidogo, kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia kuliko nilivyomkasirikia tonton wako. Yeye haoni watu, anaona nafasi. Wewe uliwaona, ukachagua nani aone maji na nani aone matope.

Unasema desturi uliikuta. Hata mbu uliwakuta, na bado unalala ndani ya chandarua. Kusindikiza mzigo ni kazi ya heshima na mimi nimeifanya, nimekaa juu ya magunia yangu ya mpunga toka Ubundu mvua ikininyeshea, lakini magunia yalikuwa yangu na jina langu liliandikwa kati ya watu. Nyinyi mmechukua kazi ya wafanyabiashara mkaifanya pazia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na nyinyi ufa mmeupiga muhuri.

Na huo muhuri ndio unaonichoma zaidi. Kabla ya semina boti yenu ilikuwa na uongo wa kawaida, uongo wa Basile, ambao mtu mwenye macho angeweza kuutilia shaka, akapanda ubao, akahesabu vichwa, akapiga kelele. Sasa mnao uongo wenye beji. Mtu anaona maneno Kamati ya Maadili anapunga mkono anakwenda kunywa kahawa. Tonton wako si mjinga, alikueleza wazi kwamba sahihi yako ina uzito, na wewe ukadhani anakusifu. Alikuwa anakupima, akakuona unatosha kuficha watu hamsini wengine.

Umenipa methali ya wakunga, na ni methali nzuri, usiichafue. Mkunga gani anayemwandika mzazi kuwa furushi? Papa Nephtali alikusomesha, Mungu amlipe, hilo silifanyii mzaha. Kumsomesha yatima wa kaka yako si jambo dogo hapa kwetu na wengi wanakwepa. Lakini alikusomesha ujue kuandika, na sasa anataka usijue ulichoandika. Shukrani ya mtoto ni kumpelekea mzee kuku, kumuuguza akilala kitandani, kumtetea akisingiziwa. Kumsaidia kuzamisha watu haimo. Na ukitaka kujua nani anamwangusha, jiulize atakuwa wapi siku boti itakapoinama na wavuvi wasiwe karibu. Utamtembelea gerezani na sahani ya ndizi za makemba, ukamweleza kwamba ulinyamaza kwa kumheshimu?

Nimeisoma pia orodha yako ya watakaoguswa. Tonton, wewe, mdogo wako, wafanyakazi thelathini, na tonton tena kwa ajili ya presha. Nimeisoma mara tatu nikidhani nimeruka mstari. Mwanangu, aliye ndani ya boti yuko wapi? Umeandika watu wote wanaolala nchi kavu. Bwana Landry na suti yake ya maziwa hakukwambia kwamba hiyo hatua ya pili inaanzia majini? Labda aliwaambia, lakini ilikuwa saa ya juisi.

Wafanyakazi thelathini nawahurumia kwa dhati, kwa sababu kazi katika mji huu haiokotwi. Lakini boti yenye watu sitini inatembea. Itakwenda mara nyingi zaidi, itampa faida ndogo zaidi, na tonton atanung'unika mpaka Krismasi. Manung'uniko yake hayajawahi kumfukuza mtu kazini. Boti iliyo chini ya mto ndiyo inayofukuza wote thelathini kwa siku moja.

Sasa sikiliza, na uache kulia juu ya pondu ya mama yako.

Leo ni Alhamisi, boti inaondoka keshokutwa. Ukimaliza kusoma hapa, chukua karatasi safi na umwandikie Mama Chimène alichoomba: kwamba alipanda boti yenu siku fulani kwenda Opala, kwamba alianguka majini pale Lomami, kwamba vitu vyake vilizama na kadi ikiwamo. Saini jina lako kamili. Usipeleke kwa baiskeli ya toleka, usimtume mtu, panda mwenyewe mpaka Kabondo, umpe kwa mikono miwili na umwombe msamaha. Atakachokujibu ni haki yake. Ripoti yako ya wasindikizaji waliolowa nayo iandike upya, iite jambo kwa jina lake, na nakala uipeleke kwa wanaosimamia usalama wa mto, mchana, mlango wa mbele. Ndiyo, tonton atajua. Ndiyo maana nasema, kabla yake, pitia kwanza kwa tantine Berthe. Mwendee jikoni, umkalishe, umwambie kwa nini Benie alipita kwenye matope, maana yeye alipiga kura bila kujua hilo, au alijua akajifanya hajui, na kwa vyovyote vile mwanamke ambaye pacha wale wanamwita bibi hawezi kulisikia akaendelea kukuna nazi. Mwende pamoja kwa tonton kabla ya giza. Piga magoti kama mtoto wake, ongea kwa adabu yote uliyofundishwa, na useme neno moja tu: orodha yangu ina watu, na watu ni sitini. Usibishane kuhusu desturi. Usimtajie hatua sita, utamwongezea presha bure.

Atakasirika. Atasema amefuga nyoka, atakuita mtoto asiye na shukrani mbele ya majirani, pengine atakuambia uondoke na ukatibu wako. Utalia, na itakuuma miezi mingi, sitakudanganya. Wewe ondoka, lakini muhuri ondoka nao, na beji pia, ukamkabidhi mwenye shirika la misaada mkononi umwambie kampuni haina tena katibu wa maadili na sababu zake. Basile akitaka kusaini, asaini kwa jina lake. Tena waambie abiria asubuhi ile, kila mmoja aulize ameandikwa kama nani. Mtu akijua ameandikwa chumvi, mara nyingi huteremka mwenyewe.

Papa Nephtali, kama na wewe unasoma Alhamisi, salamu nyingi. Uliyelea yatima umeonyesha kwamba watu unawajua. Bado hujachelewa.

Nilitaka kuishia hapo, kwa sababu ukurasa umejaa na mhariri ananitazama kwa jicho la pembeni. Lakini unaweza kudhani Mama Fatouma anachonga maneno tu kwa sababu amekaa kitini. Nilikuwa na kaka, Moussa. Tulizaliwa Kindu, tumbo moja, alinitangulia miaka miwili. Alipanda boti kushuka Ubundu, akaandikwa msindikizaji wa mpunga wa mtu asiyemjua, na boti ikapinduka. Orodha ya abiria waliokuwamo ilisomwa redioni jioni yake, na mama yangu alikaa na sikio kwenye spika, akasikiliza majina yote mpaka la mwisho. La Moussa halikusomwa. Mama yangu alishangilia, mwanangu, akatoa sadaka, akagawa wali kwa majirani. Akamsubiri miaka kumi na mmoja, na kila akija mgeni toka mtoni alimpakulia kwanza kwenye sahani ya kaka yangu, ndipo amuulize kama amemwona. Alikufa akisubiri, hakuwahi kukaa matanga ya mtoto wake. Mwenye kalamu siku ile sijui alikuwa nani. Naamini alikuwa mtu mwema mwenye mwandiko unaosomeka.

Ndiyo maana Jumamosi nina safari ya Opala. Saa moja asubuhi nitakuwa bandarini, mama mnene mwenye mtandio wa kijani na begi moja, na sina mzigo wowote wa kusindikiza. Nitasimama mstarini kama kila mtu. Nikiwa wa sitini, niandike. Nikiwa wa sitini na moja, nirudishe nyumbani.